Damu ya Sungura, Koo la Kogo
Chukua kipande cha protini ya binadamu, mdunge sungura, ngoja wiki kadhaa, mdunge tena. Mwili wake utasema hiki si changu, uanze kutengeneza antibodi. Kisha anatolewa damu sikioni. Zikiitwa poliklono, maana yake zimetoka kwa koo nyingi za seli, kila moja inashika protini ileile mahali pake, kama wachumaji watano kwenye kichaka kimoja cha chai.

Nilijua haya kwa sababu ya pesa. Niliacha biolojia mwaka wa pili, karo ilikataa, na sasa mteja wa ng'ambo hunilipa kuandika maelezo ya bidhaa. Mito ya kulalia, chakula cha mbwa, halafu siku moja hii: antibodi ya sungura ya kutambua saiklini D1. Chupa ya mikrolita 100, yaani kama matone mawili, kwa mamia ya dola. Mteja alisisitiza niandike: kwa utafiti pekee, si kwa tiba.

Saiklini ndizo huiambia seli wakati wa kugawanyika umefika. Tim Hunt alizikuta 1982 kwenye mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, zikipanda na kupotea kila yai linapogawanyika. 2001 akashiriki Nobel. Katika saratani ya umio, hii tunayoita ya koo, D1 mara nyingi huzidi. Ukiweka antibodi kwenye kinyama cha mgonjwa, kisha rangi yake, palipo na protini panakuwa kahawia. Kahawia ya strungi kabisa.

Nilikuwa naandika hayo nyumbani Bomet, na Kogo yuko chumba cha pili anakunywa uji kwa kijiko.

Huku ugonjwa huu tunaujua kwa majina ya majirani. Kati ya 1996 na 2009 hospitali ya Tenwek ilihesabu wagonjwa 1,686. 109 walikuwa na miaka 30 kushuka chini. Kwingi duniani ni ugonjwa wa wazee. Wengine hulaumu mursik, wengine chai ya moto. 2016 wataalamu wa saratani wa WHO walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinaileta. Haya, jaribu kumwambia Mkipsigis angoje chai ipoe.

Kogo aliuliza naandika nini. Nikamweleza, sungura na yote.

"Sasa huyo sungura atanitibu?"

"Hapana, Kogo. Anaonyesha tu mahali ugonjwa uko."

Akaweka kidole kifuani, chini kidogo ya shingo. "Mimi pia najua mahali uko."

Kumpima hawakuhitaji sungura. Kamera ya kooni, kinyama kidogo, hadubini. Kilichochelewa ni safari ya kufika kwa hiyo kamera: miezi mitano ya dawa za vidonda vya tumbo. Mwishowe aliwekewa mrija wa waya wa kupanua koo. Baada ya siku chache akaomba ugali. Tukampa laini, kidogo, na maziwa mengi, na hakuna aliyeongea mpaka alipomeza.