Gesi Haiishi

Mwaka niliostaafu ndio mwaka waliong'oa chila zetu, mitambo ya kupoza jengo zima, pale Posta, Dar es Salaam, wakatundika AC za ukutani kila chumba. Ndiyo sababu ya kuandika.

Utoto sina la kusimulia: Muheza, jembe, shule, kisha chuo cha ufundi Chang'ombe. Nilichukua majokofu kwa kuwa walioomba umeme walikuwa wengi mno.

Kazi nilifunzwa na mzee mmoja ambaye hakuwahi kuuliza kama mtambo unapoza. Aliuliza namba. Gesi inageuka kimiminika kwenye kondensa kwa nyuzi ngapi, na maji yanatoka humo kwa nyuzi ngapi? Tofauti ikiwa moja au mbili, mirija ni safi. Ikifika nne au tano, chumvi ya maji ya kisima imeganda ndani na kompresa inakula umeme bure. Tuliandika asubuhi, mchana na jioni. Kwa daftari hilo aliamua lini tufungue kondensa kuisafisha, na alifungua wakati wa kusi, Juni au Julai, chila moja inapolitosha jengo zima. Wakandarasi wa siku hizi hufuata kalenda: miezi mitatu, saini, ankara. Filta haijaguswa. Nimebishana nao mpaka leo na sijasikia jibu.

Daftari lile ndilo lililozaa mpango wake wa miaka 20. Kila mashine ukurasa wake: imefungwa lini, itachoka lini, mwaka huu itengewe kiasi gani. Kondensa za juu ya paa, zinazopigwa na upepo wa bahari, alizipa umri mfupi kuliko zote, maana chumvi hula mapezi ya alumini kwanza. Mhasibu mmoja, simtaji, akauliza: "Mtambo unafanya kazi, fedha ya nini?" Akafuta mstari.

Mzee alikuwa amebandika ukutani ratiba ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Nchi kama yetu zipunguze gesi za kundi la R-22 kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na 2030 ibaki kidogo tu ya matengenezo. Yaani bei ya kesho ilikuwa imeandikwa, kazi ni kusoma. Mhasibu akanunua AC za R-22, eti rahisi.

Nanyi vijana mnaopanda ngazi na mtungi begani: gesi si petroli! Inazunguka mlemle, ikipungua, pana tundu. Tia naitrojeni, paka povu la sabuni, ziba, vuta hewa kwa pampu, ndipo ujaze, tena kwa mizani, si kwa kupapasa bomba. Mnayemjazia kila mwaka mnamuibia, hata kama anawashukuru.

Mhasibu naye alistaafu. Nasikia ofisi aliyoiacha hujazwa gesi kila Desemba, na risiti zinapitishwa bila swali.