Menyu Yako Ni Mlango, Mbona Umeufunga?

Wacha niseme ukweli hata kama madevelopa watanikasirikia: menyu kunjuzi inayofunguka tu ukipitisha kipanya juu yake ni mlango uliofungwa. Umepakwa rangi poa, sawa, lakini umefungwa.

Najua kuna mtu atauliza, "Umemfungia nani? Mimi mbona naingia?" Haya, tuhesabu pamoja. Mwenye simu hana kipanya cha kupitisha popote. Mwenye mkono unaotetemeka hawezi kushikilia kishale pahali pembamba. Asiyeona hana haja na kipanya. Anatembea kwa kibodi, Tab baada ya Tab, huku kisoma skrini kikimsomea alipofika. Kisoma skrini chenyewe si anasa. NVDA ni ya bure, na aliyeianzisha mwaka wa 2006, Michael Curran wa Australia, mwenyewe haoni.

Mwaka jana binamu yangu, ambaye haoni, alitaka kutuma ombi la kujiunga na chuo fulani. Fomu ilikuwa imefichwa chini ya menyu. Alipofika hapo, kisoma skrini kilitaja jina la menyu, kisha kikaruka hadi neno linalofuata. Hakikumwambia kuna kitu chini yake, na Enter haikufungua chochote. Ikabidi aende saiba, ampe mtu asiyemjua nambari ya kitambulisho, barua pepe na nenosiri. Fomu ilijazwa, ndiyo. Lakini siri zake zilibaki kwa kompyuta ya mtu mwingine. Menyu mbaya ina bei, na anayeilipa si yule aliyeijenga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa si ghali. Viungo viandike kama orodha ya kweli ya HTML, ul na li ndani ya nav, ili msikilizaji ajue viko vingapi. Kinachofungua menyu kiwe button halisi, si div iliyovalishwa nguo za kitufe. Button huja na akili zake: Tab inaifikia, Enter inaifungua, kidole kinaigusa. Kisha iwekee aria-expanded, iwe false menyu ikifungwa na true ikifunguka, ndio asiyeona asikie kilichotokea. Mtu akibonyeza Escape, menyu ijifunge na arudi pale pale kwenye kitufe. Basi, ni hayo tu.

Na tafadhali, usibandike role="menu" ukidhani unasaidia. Hiyo inaahidi menyu ya programu ya kompyuta, ile ya kutembea kwa vitufe vya mishale. Ukiahidi halafu usitimize, umempoteza mtu kabisa. Menyu ya tovuti ni orodha ya viungo, iache iwe hivyo.

Haya si maoni yangu tu, bana. Mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C, toleo la 2.1 la mwaka wa 2018, unasema kinachojitokeza kwa kupitisha kipanya kisipotee kishale kikisogea juu yake, na mtu aweze kukiondoa bila kusogeza kishale. Hapa nyumbani, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari. Habari, jamani! Siku hizi habari nyingi zinakaa wapi kama si kwenye tovuti?

Jibu ninalolisikia sana ni, "Mteja wangu hana wateja wasioona." Sasa, atajuaje? Waliofika mlangoni wakakuta umefungwa hawakuacha barua. Waliondoka tu, wakaenda kwa jirani, au wakaenda saiba kumpa mtu nenosiri lao.

Kwa hivyo leo, kabla hujamkabidhi mteja kazi yake, weka kipanya kando kwa dakika tano. Fungua tovuti uliyoijenga, utembee kwa Tab, Enter na Escape peke yake, mpaka ufike kwa fomu iliyo chini kabisa ya menyu. Ukifika, hongera. Ukikwama, usitume bili bado.