Mchagua Upinde

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inafaa shambani, kwa kuwa mvivu hakosi kisingizio. Lakini katika jambo la upinde, kwa heshima zote, sina budi kutofautiana nao. Jembe lisilokufaa litakuchosha tu. Upinde usiokufaa utakuumiza bega, utaufundisha mkono tabia mbaya, na mwishowe utakukatisha tamaa kabisa.

Nayasema haya kwa sababu mjadala wa pinde ulidumu nyumbani kwangu kwa majuma kadhaa. Binti yangu mwenye umri wa miaka 13 alitazama mashindano ya Olimpiki katika televisheni, na tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine ila kupiga mishale. Jirani yetu mmoja, aliyewahi kufanya kazi ughaibuni, alikuwa na upinde wa kisasa aliotaka kuuza, kwa bei iliyozidi ada ya shule ya muhula mzima. Na kule Mhezi, katika Milima ya Upare Kusini wilayani Same, yupo mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, ambaye tangu ujanani mwake huchonga pinde ndefu za mti mmoja. Fedha zangu zilitosha jambo moja: kununua upinde wa jirani, au kulipa nauli za kumpeleka mtoto Mhezi kila likizo. Ilinipasa kuchagua.

Ndugu msomaji, kabla ya kupima faida na hasara, yafaa tuzijue pinde zenyewe. Upinde mrefu ni fimbo moja iliyochongwa, nene katikati na nyembamba kuelekea nchani. Aghalabu hulingana na kimo cha mwenyewe, kwani mti mfupi ukivutwa sana huvunjika. Upote wake huugusa mti kwenye ncha mbili tu. Upinde wa pili ni mfupi zaidi, na ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, upande wa shabaha. Upote unapotulia hulala juu ya mikunjo hiyo. Mpigaji anapovuta, mikunjo hufunguka kidogo kidogo na kufanya kazi kama wenzo. Kwa sababu hiyo mkono hauhisi uzito ukipanda kwa ghafla mwishoni mwa mvuto, na kwa nguvu ile ile ya mvutaji, mshale hutoka kwa kasi kubwa zaidi.

Ulimwengu umezitumia zote mbili, kila mmoja mahali pake. Wapanda farasi wa Asia, kama Wamongolia na Waturuki, walihitaji upinde mfupi usiogonga shingo ya farasi, wakautengeneza kwa kuunganisha pembe, mti na kano za wanyama kwa gundi. Waingereza nao waliutegemea upinde mrefu. Merikebu yao ya vita, Mary Rose, ilizama mwaka 1545, na ilipokuwa ikichunguzwa na kuopolewa, kazi iliyofikia kilele mwaka 1982, zilipatikana ndani yake pinde ndefu zaidi ya 130.

Kwetu Afrika Mashariki upinde mrefu una ushahidi wa kutosha. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hadi leo hutumia pinde ndefu zinazohitaji nguvu ya kilo 30 hivi kuzivuta, na upote wake hutokana na kano za wanyama. Waata, ambao wengi waliwaita Waliangulu, katika nyika za Tsavo ng'ambo ya mpaka wetu na Kenya, walikuwa na pinde nzito zaidi ya hizo. Waliwinda tembo kwa mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Na vigumba vya mishale hutaka mhunzi. Upareni kazi ya kuyeyusha chuma ni ya tangu kale, na ukoo wa Washana ulisifika kwayo.

Basi nilipokwenda Mhezi kushauriana na mjomba, nilikwenda nikiwa na maswali kamili. Baada ya shikamoo na habari za mama yangu, nilimweleza upinde wa jirani ulivyo. Hakuudharau hata kidogo. Alisikiliza, akachora umbo lake mchangani kwa kijiti, akacheka kwa furaha ya fundi anayeitambua kazi ya fundi mwenziwe.

“Mpwa wangu,” aliniambia, “huo ni upinde wa akili. Lakini ukipasuka, mtaupeleka kwa nani?”

Swali hilo lilinikaa moyoni, ijapokuwa halikumaliza hesabu. Upinde wa jirani ulikuwa na sifa moja kubwa kwa mtoto anayekua: mikono yake, yaani sehemu mbili zinazopinda, hufunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa, ya kilo 8 leo na ya kilo 12 kesho kutwa. Upinde wa mti mmoja hauna hisani hiyo. Fundi aweza kuupunguza unene ili uwe mwepesi, lakini hawezi kuuongezea nguvu tena. Mtoto akikua, huchongewa mwingine. Tena katika Olimpiki hutumika upinde wa ncha zilizokunjwa, si ule mrefu. Mwenye upinde mrefu hutafuta mashindano ya namna nyingine. Mke wangu alilishika jambo hilo. “Baba,” alisema, “usije ukamfungia mtoto mlango kwa sababu ya mapenzi yako kwa mjomba.” Maneno yake yalikuwa ya haki.

Hata hivyo upinde mrefu una mafunzo yake. Hauna kidaraja cha kuuwekea mshale. Mshale hupita juu ya kidole cha mkono ulioshika upinde, na inapasa ujipinde kidogo ili uuzunguke mti kisha unyooke hewani. Kwa hiyo mpigaji hujifunza mapema kwamba mshale mgumu mno au laini mno hauendi anakoutuma. Hujifunza pia kuulegeza upote kila amalizapo, maana mti ulioachwa umevutwa usiku kucha husahau kunyooka. Nao ni mwepesi mkononi, wala haufanyi kelele nyingi.

Lililoukata mzozo, lakini, ni lile alilosema mjomba tulipokuwa tukiagana. Amepita umri wa miaka 70. Wanawe wote wako mijini, na hakuna hata mmoja aliyeshika panga lake la kuchongea. “Mikono hii bado ina upinde mmoja,” alisema akinionyesha viganja vyake. “Mlete mjukuu wangu auchonge pamoja nami.” Nilimkumbusha kwamba zamani kazi hiyo haikuwa ya wasichana. Akajibu kwamba zamani wavulana walikuwa wakija.

Nilirudi mjini, nikamshukuru jirani kwa subira yake, na upinde wake nikamwachia. Ule wa ncha zilizokunjwa utapatikana miaka mitano ijayo, binti atakapokuwa na mabega ya kuustahili na haja ya mashindano. Viwanda vitaendelea kuutengeneza. Mjomba hatengenezwi kiwandani. Mke wangu alikubali kwa sharti kwamba siku mtoto atakapotaka kushindana, fedha zitatafutwa bila malumbano, nami nimelikubali sharti hilo.

Mzazi mwenye nia kama yangu na azingatie haya. Kwanza, mtoto aanze na upinde mwepesi anaoweza kuuvuta na kuutuliza bila kutetemeka. Pili, asiachie upote mtupu bila mshale, kwani nguvu isiyo na mshale hurudi katika mti na kuupasua. Tatu, sheria iheshimiwe. Mkomazi, iliyo chini ya milima yetu, ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008; kuwinda bila leseni ni kosa, na silaha haiingii hifadhini bila kibali. Shabaha yetu sisi ni gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, na nyuma yake ukingo wa udongo.

Samaki mkunje angali mbichi, na mti vilevile. Fimbo ya mkole imekwisha kukatwa na kuchunwa gome, nayo inakauka taratibu kivulini chini ya mapaa ya nyumba ya mjomba, ikingojea likizo. Binti ameagiza apelekewe kipimo cha kimo chake, na mjomba amejibu kwamba hakitaki: mwenye upinde aje mwenyewe, asimame kando ya mti wake.