Mhuri wa Kandambili

Waliosoma katika Dodoma ya miaka ya themanini hawahitaji kuelezwa kadi ya mkono ilikuwa kitu gani. Ilianza na karatasi iliyokwisha kazi: jalada la daftari lililojaa, kipande cha kalenda ya mwaka jana, au mfuko wa saruji uliochanwa ukachukuliwa lile tabaka la ndani ambalo vumbi halikulifikia. Gundi ilikuwa uji mzito wa ngano, au utomvu wa mgunga, mti ambao Ugogo haukosi. Maua yalikatwa kwenye picha za magazeti na karatasi za biskuti, na maneno yakapigwa mhuri. Mhuri nao ulichongwa. Aliyetaka nyota au kopa alikata kiazi katikati. Aliyetaka maandishi alitafuta soli ya kandambili iliyochakaa, na hapo ndipo fundi alipojulikana. Herufi lazima zichongwe kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa wembe, juu ya mpira unaokwepa kila unapoubana. Ukisahau kuigeuza R, salamu yako ya Heri ya Mwaka Mpya iliyokusudiwa kwa Mwanza inaonekana kama imetoka Urusi. Wino ulitolewa kwenye kalamu iliyopasuliwa, au ilikorogwa bluu ya kufulia hadi ikawa nzito kama rojo.

Juu ya kadi hiyo nina hoja moja, na najua wengi hawataikubali kwa mara ya kwanza: haikuuawa na simu. Simu ilifika msiba ukiwa umeshaanuliwa matanga. Kilichoiua ni kadi yenzake, ya kuchapwa, na hasa ile iliyokuja kulibadili neno lenyewe, hata kadi ikaacha kubeba salamu ikaanza kubeba deni.

Tuanzie Makutupora, kwa kuwa pale panaonyesha vizuri kadi ya salamu ilikuwa na kazi gani. (Nasema Makutupora ya kaskazini mwa mji, njia ya Kondoa, penye visima vinavyoinywesha Dodoma na kituo cha utafiti wa zabibu. Ile nyingine, ya Manyoni, ni stesheni, na siku hizi inatajwa sana kwa ajili ya kipande cha reli ya SGR cha kilomita 422 kutoka Morogoro.) Hapo kaskazini mwa mji ndipo ilipo kambi ya 834 KJ ya Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi, hadi utaratibu uliposimamishwa mwaka 1994, waliomaliza kidato cha sita na vyuo walipitia kambi za namna hiyo kwa mujibu wa sheria. Kijana wa Bukoba au Mtwara aliyejikuta kwenye vumbi la kiangazi cha Makutupora alikuwa na njia moja tu ya uhakika ya kufika nyumbani, nayo ni bahasha. Na posta ya nchi hii haina mazoea ya kubisha hodi mlangoni kwa mtu. Barua huishia kwenye sanduku, na asiye na sanduku huandikiwa kupitia kwa shule, parokia au ofisi ya kijiji. Kwa hiyo bahasha ilipita mikononi mwa karani, mwalimu, katekista na mtoto aliyetumwa kuichukua, kisha ikafunguliwa mbele ya macho mengi. Kadi ikabandikwa sebuleni, ikakaa mpaka jua lilipoikausha rangi. Kila mgeni aliyeketi pale alijua kuwa kuna mtu aliyekaa chini akakata maua kwa ajili ya nyumba ile. Salamu ilikuwa ya mtu mmoja, ushahidi wake ulikuwa wa wote.

Kuna watakaosema kuwa huo ulikuwa ufundi wa dhiki tu, na dhiki ilipopungua ukaondoka kwa heri. Ni kweli nusu. Ile ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kule Mufindi, kilianza kuzalisha mwaka 1985, na kabla ya hapo karatasi ilisubiri fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Dhiki hiyo inatueleza kwa nini mfuko wa saruji. Haituelezi kwa nini mtu alitumia jioni nzima kuuremba. Tena mambo yangekuwa hivyo, nchi zenye karatasi tele zisingekuwa na watu wanaotengeneza kadi kwa mikono, na wapo wengi: Uingereza na Marekani mtu huingia dukani akanunua mihuri ya mpira, mikasi ya kukata mawimbi na vipande vya karatasi za mapambo, akatengeneza kadi inayomgharimu kuliko iliyochapwa. Uingereza hiyohiyo ndiyo iliyotangulia kuchapa kadi za Krismasi za biashara, mwaka 1843, Henry Cole alipoelemewa na barua za kujibu akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amfanyie picha moja ya kutuma kwa wote. Zilichapwa 1,000, zikauzwa shilingi moja moja. Kadi ya kuchapwa, basi, ilizaliwa na uhaba wa muda. Wenzetu walianza na mashine, baadaye baadhi yao wakarudi kwenye mikasi. Sisi tulianza na mikasi.

Pigo la kwanza lilikuja na ruksa. Baada ya Mzee Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 na biashara kulegezwa, maduka yalianza kujaa vitu, na miongoni mwake kadi zinazong'aa, zenye waridi nje na beti za Kiingereza ndani. Mtumaji alibakiwa na kazi ya kuweka sahihi. Mara nyingi hakuzielewa vizuri beti zile, na mpokeaji hakuzielewa kabisa, lakini kadi ilikuwa imenunuliwa, na hilo ndilo lililosomwa. Kando yake kadi ya mfuko wa saruji ikaanza kuonekana ya kishamba. Kwa maoni yangu aibu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko wepesi wa kununua. Mtu huvumilia taabu ya kuchonga herufi kinyume, hawezi kuvumilia kuchekwa kwa ajili yake.

Pigo la pili, ambalo ndilo la kuua, lilikuwa kadi ya mchango wa harusi. Kuchangiana ni kwa zamani, na karatasi ya kuchangishia si ya jana, lakini kompyuta za steshenari ndizo zilizoifanya ienee kama nzige. Kila mtu mzima wa Tanzania anaijua lugha yake: familia ya Bwana na Bibi fulani ina furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali ili kufanikisha harusi ya kijana wao mpendwa. Chini yake mwenyekiti, katibu na mhazini, na namba za simu. Jina lako limejazwa kwa kalamu kwenye mstari wa nukta, na hapo tu ndipo mkono wa mtu ulipoigusa kadi hiyo. Ukitoa kiasi kilichopangwa unaletewa kadi ya pili, ya mwaliko, imeandikwa singo au dabo kulingana na uzito wa mfuko wako. Ukitoa pungufu, unashukuriwa kwa simu.

Sasa turudi kwa wanaoilaumu simu. Vodacom ilianza kazi Tanzania mwaka 2000, na M-Pesa ikafuata mwaka 2008. Kama simu ndiyo adui wa kadi, tungetegemea kadi zote za karatasi zififie tangu hapo. Lakini kadi ya mchango ilistawi katika miaka hiyohiyo, kwa sababu simu ilimrahisishia mhazini kukumbusha na ikamrahisishia mchangaji kutuma. Iliyokuwa na kazi ya kukusanya fedha iliisubiri simu ikaishi nayo, wakati ya salamu ilikuwa imeshang'olewa ukutani kabla mnara haujasimama. Leo hata kadi ya mchango inageuka picha kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na hilo ni kweli kazi ya simu. Lakini huyo ni marehemu mwingine.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wanaosema kadi haikuwa mila yetu. Mgogo, wanasema, ana mbukwenyi yake, na salamu yake ni ya ana kwa ana, ndefu, inayouliza watu na mifugo. Kipande cha karatasi kililetwa na misheni na shule. Chimbuko silibishi. Ninachobisha ni kwamba kilibaki cha kigeni. Mtu anayedhani salamu ya karatasi haikuota mizizi hapa na akumbuke kadi za salamu za redio: watu waliandika majina ya ndugu, jamaa na majirani kwenye kadi wakaituma kwa Redio Tanzania ili yasomwe, na kipindi cha Ugua Pole kikawapa pole wagonjwa walioko hospitali. Kuulizia wote kwa majina ndiyo mbukwenyi yenyewe, imepanda mawimbi. Kilichopokelewa kutoka nje kilikuwa karatasi, adabu ilikuwepo.

Na wala ufundi wa mikono haukutoweka. Iringa kuna Neema Crafts, karakana ya Kanisa Anglikana iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi, ambako kinyesi cha tembo kilisafishwa, kikachemshwa, kikatandazwa kikawa karatasi ya kadi, nyuzi za majani aliyotafuna mnyama zikionekana bado usoni mwake. Ni kazi safi, na imewapa ajira watu walioambiwa hawawezi kitu. Lakini inanunuliwa sana na mgeni, na fundi hamjui atakayeipokea. Yule wa kandambili alimjua, hata alijua atacheka kwenye herufi ipi.

Sitaki kuidharau kadi ya mchango. Imewaozesha wengi ambao kadi ya maua isingewanunulia hata sufuria, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji umejaa watu waliohama na jamaa zao wakabaki mbali. Kamati ya harusi inawapa ndugu wa kukopesha na kukopeshwa. Ni undugu, na una daftari. Ila mwangalie mtu wa hapa akikabidhiwa bahasha. Haulizi nani kamkumbuka. Anaipindua, anatazama kona ya chini penye namba za simu, kisha anauliza mwisho wa kuchangia ni lini.