Mzazi Hana Mwamko, au Hajapewa Kazi?

Ukikaa ofisi ya walimu siku mbili tatu, sentensi moja utaisikia tu: "Wazazi wa huku hawana mwamko." Mimi niliisikia wiki ya kwanza ya TP, katika shule moja ya bara ambayo haina haja ya kutajwa, na wengi wenu mnaosoma elimu mmeisikia huko mlikopangiwa. Inasemwa kwa upole, kikombe cha chai kikiwa mkononi, na ikishasemwa mjadala umefungwa. Mtoto hajui kusoma? Mwamko. Kikao kimekuja na watu kumi na wawili? Mwamko.

Mimi natokea Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Waliowahi kwenda wanajua: gari hadi Nyamisati, chombo hadi Kilindoni, halafu barabara ya kupita kwenye minazi. Kwetu ndiyo "huku" yenyewe inayosemwa. Kwa hiyo naomba niijibu.

Mzazi wa Kanga anayeambiwa hana mwamko, muulize mwanawe amefika wapi chuoni, yaani madrasa. Atakutajia sura, tena atakwambia mtoto anakwama wapi. Muulize mtoto huyo huyo shuleni wanasoma nini wiki hii, atabaki anakutazama. Mzazi ni yule yule, mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba chuoni mtoto anasoma kwa sauti, na akirudi nyumbani anadurusu kwa sauti. Mzazi hata kama hajui herufi, masikio anayo. Mtoto akisita, anasikia. Akiruka, anasikia. Mwalimu wa chuo naye anakutana na baba mtu njiani, wanasalimiana, na habari za mtoto zinapita hapo hapo. Shule inamrudisha mtoto na daftari lililofungwa ndani ya mkoba, kisha mwisho wa muhula inamletea mzazi karatasi.

Hebu tuitazame hiyo karatasi. "Hisabati 34, D. Nafasi ya 41 kati ya 67." Haya, wewe ni mvuvi wa dagaa, umetoka baharini alfajiri, umeishika ripoti hiyo. Ufanye nini? Utamchapa mtoto, au utaikunja uiweke juu ya kabati. Sekondari ndiyo balaa zaidi, maana maoni ya mwalimu yameandikwa kwa Kiingereza. Mkalimani pale nyumbani ni nani? Mtuhumiwa mwenyewe!

Tuje kwenye vikao. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini mazoea ya zamani hayajafa: mzazi akisikia anaitwa shule, anajua ni mchango au mtoto kaharibu. Kisha kikao kinapangwa Jumatano saa nne asubuhi. Kwetu wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, kina mama wako mwambani wanatafuta pweza. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi siku za giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Wengine wako dago wiki nzima na zaidi. Kalenda ya shule inaijua Jumatano, haimjui mwezi. Mwalimu akimuuliza mvuvi mmoja tu kabla ya kupanga tarehe, watu watakuja.

Na wala sisemi jambo geni. Mwisho wa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa 1971. Mafia ilikuwa mojawapo. Watu wazima walifundishwa jioni baada ya kazi, chini ya miti na katika madarasa ya watoto wao, na waliofundisha hawakuwa walimu wa cheti peke yao. Wanafunzi wakubwa na watu wa kujitolea walifundisha pia. Wale waliopanga kisomo walijua jambo ambalo sisi wa kizazi cha simujanja tumelisahau: ukimtaka mtu mzima ajifunze, fuata saa zake na umpe kazi anayoiweza.

Bibi yangu ni mtoto wa kisomo. Alijifunza kuandika jina lake akiwa msichana, na baada ya hapo kalamu aliishika mara chache mno. Sasa macho hayaoni herufi ndogo. Analea mdogo wangu, ambaye mwaka jana aliingia darasa la tatu akiwa bado anakisia maneno kwa kutazama picha. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na sote tuliona anakokwenda: angekaa nyuma ya darasa mpaka achoke, halafu siku moja apande ngalawa na wenzake, habari ya shule iishe.

Mwalimu wake, kijana tu, akafanya jambo dogo. Aliwaambia watoto kila jioni wasome ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya mtu mzima yeyote, na mtu huyo aweke alama yoyote kwenye daftari. Nilipokuwa likizo nilimuuliza bibi anawezaje kumsimamia mtoto na maandishi hayaoni.

"Mwanangu," akanijibu, "kwani mtu anayekwenda na mtu anayechechemea nisiwajue kwa kusikia?"

Mtoto akikwama, anamwambia: "Rudia." Akimaliza, anamuuliza: "Haya, nani kafanya nini?" Basi. Kisha anaandika jina lake, kubwa, limepinda, linakula mistari mitatu. Ilipofika muhula wa pili mdogo wangu alikuwa anasoma. Polepole, lakini anasoma.

Najua mtakachosema. Mwalimu mwenye watoto tisini darasani ataanzaje kuhangaika na bibi wa kila mmoja? Ni kweli, na kumtembelea kila mzazi hawezi. Lakini kazi hii haimwongezei mwalimu safari hata moja, inabebwa na mtoto mwenyewe. Ripoti nayo inaweza kuongezewa sentensi mbili za Kiswahili: mtoto anaweza nini, na nyumbani afanye nini. Anayeishi na watu wasiokuwa na muda kabisa, apangiwe jirani. Siku hizi kuna UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu, na mkoa wetu wa Pwani umo katika mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora. Mlango upo. Ila UWAWA nao ukiitisha watu Jumatano ya bamvua ili kuwasomea orodha ya michango, utaambulia wale wale kumi na wawili.

Wenzangu wa elimu, muda si mrefu tutapangiwa vituo, na wengine wataangukia visiwani au porini wakilia. Siku ya kwanza ofisini mtakaribishwa chai, na pamoja na chai mtapewa ile sentensi. Pokeeni chai. Sentensi irudisheni kwa swali moja: huyu mzazi, shule imewahi kumpa kazi gani ambayo anaiweza?