Lori Lililobeba Guru

Siku za kawaida lori lile lilibeba mchanga na kokoto. Wiki ile ya Aprili tajiri wetu aliagiza lioshwe mpaka chini kwenye chesisi, bodi ipigwe rangi upya, na kila bomba la rejeta likaguliwe. Kisha akaongeza agizo ambalo mafundi hatukuwahi kupewa: asiliguse mtu mwenye sigara mfukoni. Hakusema anayevuta. Alisema aliye nayo.

Ilikuwa miaka ya tisini, Nairobi, katika gereji ya tajiri huyo, Kalasinga mzee aliyenifundisha ufundi wa injini za dizeli. Mimi nilitoka Lupepo, huku kwetu Tukuyu, kwenye migomba, chai na mvua isiyojua kukata. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Kenya, ndiye aliyenivuta huko. Kwetu tulipokuwa wadogo, Kalasinga alikuwa mtu wa mashine tu. Wakubwa walituhadithia habari za Joginder Singh na mashindano ya magari ya Safari, aliyoshinda mwaka 1965, akarudia 1974 na 1976, na sisi tukaamini kwamba kila mwenye kilemba na ndevu amezaliwa na spana mkononi. Hatukukosea sana. Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896, wengi wa babu zao waliletwa kutoka Punjab wakiwa maseremala, wahunzi na waashi, na reli ilipofika ziwani mwaka 1901 baadhi yao walibaki na zana zao. Lakini kwamba watu hawa wana dini yao, Usikh, wala si Wahindu wala Waislamu, hilo nililijua nikiwa mtu mzima, chini ya lori.

Lori lilikuwa linaandaliwa kwa maandamano ya dini hiyo, ambayo wao huyaita Nagar Kirtan. Ya Aprili hufanyika kwa ajili ya Vaisakhi, tarehe 13 au 14, kukumbuka siku ya mwaka 1699 ambapo Guru Gobind Singh, akiwa Anandpur, alisimama mbele ya umati na upanga mkononi akauliza ni nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Wakajitokeza watano, mmoja mmoja, na kutoka kwao likaanzishwa kundi la Khalsa. Ndiyo maana mbele ya kila maandamano hutembea watu watano wenye mapanga, wakiwakilisha wale wa kwanza.

Sasa, fundi wa Lupepo aliingiaje humo? Kwa sababu ya rejeta. Gari linalotembea kwa mwendo wa mtu anayeimba, saa nyingi, gia ya kwanza, ni gari linalotafuta kuchemka. Klachi nayo huungua. Kwa hiyo kila mwaka fundi mmoja alitembea ubavuni mwa lori, na mwaka ule zamu ilikuwa yangu.

Mke wa tajiri, ambaye wote tulimwita Mama, alikuja gereji na furushi la vitambaa vya rangi ya chungwa. Alinifunga mwenyewe, akakaza fundo kisogoni, akavuta pembe ili nywele zisionekane. Mwenzangu mmoja alitaka kujua kama kofia yake ya jua haitoshi, naye akaambiwa kofia ni ya jua. Suruali ndefu, shati la mikono, miguu imeoshwa. Ovaroli hapana. Nikamwuliza, "Mama, nikifungua injini je?" Akanijibu, "Litachafuka. Tutalifua."

Nisichoweza kueleza vizuri ni jinsi kichwa changu kilivyoona ajabu. Mimi ni Mmoraviani wa kuzaliwa. Wamisionari wetu walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu enzi za babu zetu mwanamume akikaribia mlango wa kanisa anavua kofia. Mwanamke ndiye anayejifunika. Mkono wangu ulifundishwa hivyo kabla sijajua kusoma. Kila tulipoikaribia gurdwara, nyumba yao ya ibada, mkono ulinyanyuka wenyewe kwenda kuvua kile kitambaa, nami nikaurudisha chini. Mlangoni palikuwa na kikapu cha vitambaa vya wageni, na wanaume waliinama kuchukua kama wanawake, mawaziri kwa wapiga debe.

Alfajiri kitabu chao kitakatifu kilitolewa. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya sigara. Guru Granth Sahib ina kurasa 1,430, lakini hakuna aliyekuwa akibeba kitabu. Kabla ya kufariki mwaka 1708 Guru Gobind Singh alisema baada yake hakutakuwa na guru wa mwili. Guru ni maandiko. Basi kinachotoka mle ndani hutendewa kama mfalme aliye hai. Usiku hulazwa chumbani kwake na kufunikwa. Asubuhi huamshwa. Hubebwa kichwani, si kwapani, na anayekibeba hukanyaga chini bila viatu huku mwingine akitangulia kunyunyiza maji. Kwenye lori kilitengenezewa kiti chenye mito na chandalua juu yake, na mzee mmoja alikaa nyuma akikipepea kwa usinga mweupe wa manyoya. Hakuuacha mkono wake upumzike hata tulipokuwa tumesimama.

Dereva aliendesha peku. Nilimwona akikanyaga klachi kwa unyayo mtupu, kichwa kimefungwa, na redio ya gari imefunikwa kwa kitambaa asije mtu akaiwasha kwa mazoea. Mbele yetu walikwenda watu wa mifagio na ndoo, wake kwa waume, wengine ninaowajua kuwa na maduka makubwa mjini, wakifagia lami ambayo jana yake waliipita na magari ya kifahari. Nyuma ya wafagiaji wale watano, peku, mapanga wima. Halafu sisi. Nyuma yetu wanawake wakiimba, na mwisho vijana wa gatka, mchezo wao wa silaha, wakirusha fimbo na panga.

Nilipoona mifagio ile nilimkumbuka mama yangu.

Kwetu Unyakyusani mke hakukutana na baba mkwe njiani. Mama akisikia kikohozi cha babu upande wa mgombani, alitoka kwenye njia, akachuchumaa pembeni, akavuta kitenge mpaka usoni na kukaa hivyo hadi mzee apite. Hakumtazama, hakutaja jina lake, wala neno linalofanana na jina lake. Mwanazuoni Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika mengi juu ya desturi hiyo, na hata alieleza kwamba vijiji vyetu vya marika vilisaidia kuwatenga wakwe na wakaza wana. Sisi watoto hatukuhitaji kitabu. Tulijua kwamba kitenge cha mama hakikuvutwa kwa sababu ya mwili wake. Kilivutwa kwa sababu ya anayepita.

Hilo ndilo nililoliona tena Nairobi, na tangu siku hiyo sijaweza kulisikiliza vizuri hubiri la mavazi linaloanza na urefu wa sketi. Kuna mavazi ya heshima ambayo swali lake ni nani anakutazama. Kuna mengine ambayo swali lake ni nani anapita. Haya ya pili hayamwachi mwanamume akae pembeni na kipimo mkononi. Mama yangu alijifunika peke yake. Babu alipita wima, na hilo, nikisema kweli, halikuwa la haki. Kwenye maandamano yale tajiri wangu alifungwa na sheria ileile iliyomfunga mkewe na iliyonifunga mimi mgeni.

Sisemi kwamba wote walikuwa malaika. Mitandio ya wasichana iliteleza, na kina mama walitembea na pini za akiba, wakibana huku wakikemea bila kuacha kuimba. Kijana mmoja mwenye kilemba kipya na miwani ya jua alipanda juu ya kibanda cha dereva ili apigwe picha. Mzee mmoja alimshika kifundo cha mguu, akamwonyesha kiti kilipo. Kijana akatazama, akaona kwamba amekaa juu kuliko Guru. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, akaenda kufagia.

Mvua ilitukuta katikati ya safari, masika ya Nairobi yale ya kushtukiza. Kwa mtu wa Tukuyu ile ilikuwa manyunyu. Chandalua kilishushwa pande zote, watu wakaendelea. Lakini kwenye mteremko mdogo uliofuatwa na mlima injini ilianza kutoa mvuke. Nikapiga bodi kwa kiganja, lori likasimama, na nyuma yangu mamia ya watu wakasimama nalo. Hakuna aliyepiga kelele. Walichukua wimbo mwingine tu. Nilifunika kifuniko cha rejeta kwa gunia, nikasubiri presha itoke, na dereva akaniuliza maji yako wapi. Dumu letu lilikuwa limeisha. Pembeni palikuwa na meza ya kugawia wapita njia maji ya kunywa, bure, kama ilivyo kawaida yao. Mama mmoja akajaza jagi baada ya jagi, tukapokezana mkono kwa mkono mpaka injini ikanywa ikatosha. Shati lilichafuka kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Nilipokuwa nimesimama pale ndipo nilipowatazama vizuri watu wa kando. Makondakta wa matatu wenye midomo kuliko watu wote duniani walikuwa wamezima muziki. Mama mmoja muuza mboga, bila kuambiwa na mtu, alivuta leso yake kutoka mabegani hadi kichwani, kiti cha Guru kilipomfikia, na kilipopita akairudisha mabegani akaendelea kupanga nyanya. Chokoraa walikuja wakapewa sambusa na chai ya maziwa, na yule aliyekuwa akiwagawia aliinama kuwapa kwa mikono miwili.

Jioni tulikula langar, mlo wao wa pamoja, sote sakafuni, safu kwa safu. Guru Nanak mwenyewe, mwanzilishi wa imani yao, ndiye aliyewawekea utaratibu huo wa mkubwa na mdogo kukaa usawa mmoja. Tajiri wangu alipita na ndoo ya dengu akanipakulia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuuzoea ukarimu huo Makindu, kwenye njia ya Mombasa, ambako wafanyakazi wa reli wa Kisikh walijenga gurdwara mwaka 1926. Tulikuwa tukienda kukwamua malori njia hiyo, na pale msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila malipo. Masharti ni yaleyale: kichwa, viatu, na tumbaku ibaki nje.

Nilirudi Lupepo na vifaa vyangu, nikafungua gereji ndogo. Sisi nasi tuna maandamano yetu, ingawa hatuyaiti hivyo. Alfajiri ya Pasaka Wamoraviani huenda makaburini kabla jua halijachomoza, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Watu wanatembea katika ukungu na matope, wanaume wamevua kofia, matarumbeta yanalia katikati ya makaburi ya babu zao. Ni baridi ya kukata masikio, na kichwa kitupu unakihisi.

Miaka michache iliyopita lilitolewa wazo kanisani kwamba iandikwe karatasi ya mavazi ya alfajiri hiyo, kwa kuwa mambo yamelegea. Ilipofika kikaoni ilikuwa na mistari mingi, yote ya wasichana: suruali, nguo za kubana, mabega, nywele za bandia. Niliomba ruhusa nikauliza wavulana wameandikiwa nini, maana Pasaka iliyopita nilihesabu kofia kadhaa vichwani mpaka kaburi la mwisho, na picha zikapigwa kwa simu juu ya misalaba. Mwenyekiti akasema hayo yanajulikana, hayana haja ya kuandikwa. Mama mmoja mzee sana, wa rika la mama yangu, aliyejificha migombani mara zisizo na idadi enzi zake, akainua fimbo yake. "Baba, andika," akasema. "Mimi nilichuchumaa bila karatasi. Hawa waandikie." Katibu akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama karatasi, na baada ya mabishano ya kama nusu saa mstari wa wavulana ukawekwa wa kwanza. Kuhusu suruali za wasichana hatukukubaliana, na hadi leo bado tunabishana.