Wimbo wa Kale na Jina la Mwimbaji

Filamu isimuliayo mambo ya zamani hujengwa kwa macho na kwa masikio. Mavazi na nyumba za zama hizo mafundi huweza kuzitengeneza upya; lakini sauti hazina budi kutafutwa kwa walioimba wakati huo, au kwa waliorithi nyimbo zao. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo hunisumbua sana hapa Nanyamba: wimbo ukiisha kuingia katika filamu, mwenyewe atajulikana vipi?

Mwaka 2000 ilitoka Marekani filamu iitwayo O Brother, Where Art Thou?, ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen. Yasimulia habari za wafungwa watatu waliotoroka huko Mississippi mwaka 1937. Mwanzoni twawaona wafungwa wakivunja mawe huku wakiimba, lakini sauti zile si za waigizaji. Alan Lomax alizirekodi mwaka 1959 gerezani Mississippi, wafungwa halisi wakikata magogo kwa shoka, wakiongozwa na James Carter. Nyimbo za filamu hiyo zilinunuliwa na mamilioni ya watu, na mwaka 2002 zikapewa tuzo ya Grammy ya albamu bora. Kwa kuwa jina la Carter lilikuwa limeandikwa, watunzaji wa kumbukumbu za Lomax walimtafuta, wakamkuta Chicago, wakampa hundi ya dola 20,000. Mzee huyo hakukumbuka hata kwamba aliwahi kuuimba wimbo ule. Yeye alisahau, karatasi ilikumbuka.

Nasi tunazo filamu za namna hiyo. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu ya Unguja ya miaka ya 1950, na Siti Amina akaigiza Mwajuma, mwimba taarabu. Mtunga filamu atafutaye taarabu ya kale ana pa kuanzia, kwani Siti binti Saad alikwisha kurekodi santuri Bombay tangu 1928, na jina lake halikupotea.

Sindimba ya Wamakonde ilipata bahati nyingine. Katika miaka ya 1960 kundi la ngoma la taifa liliicheza majukwaani, na shule nyingi zikaiga. Ikawa maarufu nchi nzima, lakini kilichosafiri zaidi ni mtikiso wa viuno. Huku kwetu ilikaa pamoja na jando na unyago, ikiwapokea vijana waliokwisha kufundwa. Mafunzo hayo, pamoja na majina ya waimbaji, yalibaki nyumbani.

Tuseme basi atokee mtu atakaye kutunga filamu juu ya miaka ya 1964 hadi 1974, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipokuwa vikipiganwa ng'ambo ya Ruvuma na wakimbizi wakivuka mto kuja kwetu. Ataomba sindimba, naye ataletewa viuno. Nyimbo walizoimba wakimbizi wenyewe ataambiwa na nani? Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1964 sasa amekwisha kupita miaka 70.

Kazi hii yaweza kuanzwa na mwanafunzi mwenye daftari. Na auandike wimbo kwa Kimakonde kwanza, kisha maana yake kwa Kiswahili; aandike jina la mwimbaji, kijiji, tarehe, na shughuli ambayo wimbo huimbiwa. Tena amwulize mwimbaji kama aridhia wimbo huo usikike mbele ya watu wote, maana nyimbo za unyago zina wenyewe, na nyingine si za hadhara. Bibi akikataa, na aheshimiwe. Hilo nalo liandikwe. Akikubali, jina lake litangulie, ili siku filamu itakapokuja, wajukuu zake wajue ni sauti ya nani wanayoisikia.